Anzeni na daftari: barua kwa wachoraji vijana wa Kampala

Wanangu,

Hamjambo. Mwaka jana nilitakiwa nikusanye picha zangu za miaka arobaini kwa ajili ya maonyesho. Nilifurahi kama bwana harusi. Nikaanza kuzitafuta, nikapata tisa. Tisa! Na nimechora zaidi ya mia tatu. Nyingine ziko Ulaya kwa watu ambao hata majina sikuwauliza, nyingine zililiwa na mchwa huko Busia, nyingine Mungu ndiye ajuaye. Mwenye maonyesho akaniaga kwa adabu, hajarudi.

Kwa hiyo sitawafundisha kuchora. Mnachora vizuri, wengine kunishinda. Nataka mnunue daftari la jalada gumu. Bei yake haizidi rolex chache, zile chapati za mayai za barabarani.

Picha ikikauka, iandike: jina, mwaka, vipimo, rangi gani, na umechora juu ya nini, turubai au lubugo, ile nguo ya gome la mti. Ipige picha mchana, kivulini. Ikiuzwa, andika aliyenunua, bei, na namba yake ya simu. Msione haya kuuliza. Aliyenunua moja ndiye mwepesi wa kununua ya pili, na siku mkialikwa nje ya nchi mtaombwa orodha ya kazi na picha zake kabla ya kuulizwa habari za pasipoti.

Tengeni kurasa pia za kazi zilizotoka nyumbani bila kuuzwa. Hapo nina kidonda. Niliwahi kumpelekea mwenye duka la sanaa mjini picha kumi na mbili, tukapeana mikono tu. Nilirudi baada ya miezi sita nikakuta nne. Pesa, akasema, inakuja. Mpaka leo iko njiani. Ukiacha kazi mahali, hata kwa rafiki, iwepo karatasi yenye saini mbili: picha zipi, bei gani, anakata asilimia ngapi, atalipa lini akishauza, na ikiharibika nani anagharamia. Kukatwa asilimia 40 au hata 50 ni jambo la kawaida, msilie. Pango na umeme analipa yeye. Mimi sikuponzwa na asilimia, niliponzwa na mikono mitupu.

Na bei iwe moja. Picha iliyoandikwa shilingi 1,000,000 ukutani kwake, usimwachie mtalii kwa 500,000 jioni chumbani kwako Kabalagala. Watu huongea. Mwenye duka akisikia, ukuta umeukosa, na aliyelipa milioni anajiona mjinga. Pangeni bei kwa ukubwa, mzipandishe polepole.

Sasa hili la kazi ya pembeni, ambalo mnalificha kama ugonjwa. Gregory Maloba, aliyetengeneza mnara wetu wa Uhuru wa 1962, alikuwa mwalimu Makerere. Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro, naye alisoma hapo hapo na kufundisha, kisha Tanganyika ilipopata uhuru ikamtuma London kuwa balozi wake, na bado alikuwa mchoraji. Mimi sikufika huko. Nilipanga kalenda na kadi za harusi Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kwa miaka kumi na saba, na kadi hizo ndizo zilizosomesha watoto wangu. Mwaka 2020 uwanja wa Entebbe ulipofungiwa abiria mpaka Oktoba, niliwaona waliokuwa wakitegemea watalii peke yao wakiuza hata fremu.

Ila msinielewe vibaya. Kadi zile nusura zinimeze. Kuna miaka mitano sikugusa brashi kwa ajili ya nafsi yangu, nikijiambia Jumapili ijayo. Chagueni siku moja au mbili za juma, mziweke kando kama deni la mtu mkali.

La haki nalipitia haraka. Aliyenunua picha amenunua picha. Hakununua ruhusa ya kuichapa kwenye fulana. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Andikeni kwenye risiti kwamba ruhusa ya kuichapa haikuuzwa.

Nina ombi pia. Mwaka 1987 nilichora wanawake watatu wanaochoma mahindi kando ya kituo cha mabasi, juu ya lubugo, upana kama mita moja, mwavuli wa manjano kushoto, saini nyekundu chini. Niliwauzia mume na mke waliosema wanaelekea Mombasa. Kama mmoja wenu ameiona kwenye sebule ya mtu yeyote, aipige picha aniletee. Siitaki irudi. Nataka vipimo vyake tu, niiandike.

Mzee wenu wa Nasser Road