Yah: Malalamiko kuhusu seti yenu ya kubadili dari ya gari na kuzuia joto la paa

Mafundi wa viti na dari za magari,
Dar es Salaam.
17 Februari 2025

Meneja Mauzo,
Idara ya Vifaa vya Ndani ya Gari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Magari yaliyofungwa seti yenu ya "fanya mwenyewe nyumbani" yanaletwa kwetu dari ikiwa imening'inia kabla ya miezi mitatu kwisha. Wenye magari hawakukosea. Wamefuata karatasi yenu ya maelekezo hatua kwa hatua, na karatasi ndiyo yenye makosa.

Mmeandika: "Bandua kitambaa cha zamani, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, puliza gundi." Kazi inaharibikia hapo. Dari ikishuka, kilichokufa ni sponji nyembamba iliyo nyuma ya kitambaa, ambayo kwa miaka ya joto na unyevu huoza ikawa unga unaonata. Gundi mpya ikipulizwa juu ya unga huo hushika unga, haishiki bodi, yaani ubao unaobeba kitambaa cha dari. Unga wote lazima usuguliwe kwa brashi ngumu ya nailoni, mkono ukiwa mwepesi ili bodi isichanike, kisha upulizwe kwa kompresa mpaka kiganja kikipita juu ya bodi kitoke safi. Anayesugua avae barakoa. Hili nalo hamkulitaja.

Gundi yenyewe haifai kwa paa la gari. Kopo linasema inahimili nyuzi 60, wakati bati la gari jeusi lililoegeshwa juani mchana hapa Dar es Salaam huvuka nyuzi 70. Kipimo nacho hakitoshi: kopo moja mmeandika ni la mita 2 za mraba, na seti ina makopo mawili. Bodi ya mita 3 za mraba ikipakwa gundi, na kitambaa nacho kikapakwa, ni mita 6 kwa mkono mmoja tu, yaani tabaka moja la gundi. Kazi inayodumu hutaka mikono miwili, kila mmoja ukiachwa dakika 5 hadi 10 mpaka gundi ikiguswa inate bila kuchafua kidole. Mnunuzi anayebana makopo mawili yamtoshe hupuliza nyembamba, na kwenye mabonde ya bodi, hasa kuzunguka taa na vizuia jua, kitambaa huachia kwanza. Akipuliza kwa karibu ili ifunike haraka, gundi hulowesha sponji mpya na doa hutokea upande wa mbele.

Kitambaa cha mita 2 hakitoshi Noah, ingawa picha ya Noah iko kwenye boksi. Futi ya kupimia ifuate mabonde ya bodi, isivutwe moja kwa moja, kisha ziongezwe sentimita 5 kila upande za kukunja.

Tunakuja kwenye kuzuia joto. Shiti zenu ni za lami yenye foili juu. Lami ikipata joto la paa hulainika, hunuka ndani ya gari, na shiti huanguka juu ya bodi. Inayofaa ni ya butili, aina ya mpira. Tena shiti za aina hii hupunguza mtetemo na kelele ya mvua kwenye bati tu. Kazi ya kuzuia joto ni ya sponji isiyopitisha maji, ya milimita 5 hadi 6. Kufunika robo ya bati kati ya mbavu kwa butili kunatosha. Zaidi ya hapo ni uzito wa bure. Foili yenu ya mapovu nayo mnaagiza ibandikwe ikigusa bati. Foili hurudisha joto pale tu inapokuwa na nafasi ya hewa mbele yake. Ikigusa bati, inapitisha joto.

Unene pia haukupimwa. Kwenye mbavu za paa nafasi ni milimita chache. Mtu akiweka vidonge vya udongo laini juu ya bodi, akairudisha kisha akaishusha, ataona nafasi halisi. Asipopima, bodi haifiki juu, klipu hazikamati, naye akilazimisha bodi hupasuka kwenye tundu la taa.

Kosa zito kuliko yote ni kuagiza sponji ijazwe "hadi ukingoni mwa paa." Magari mengi yana mifuko ya hewa ya usalama iliyokunjwa kwenye ukingo huo, juu ya milango. Ikizibwa, haitafunguka inavyotakiwa siku ya ajali. Waya hasi wa betri uondolewe na zisubiriwe angalau dakika 3 kabla ya kugusa plastiki za nguzo, na ukingo wote uachwe wazi. Karatasi yenye agizo hilo haipaswi kubaki dukani hata siku moja.

Tunaomba yafuatayo ndani ya siku 14: seti ziondolewe sokoni mpaka gundi ya angalau nyuzi 80 na shiti za butili zipatikane, karatasi iandikwe upya kwa Kiswahili, walionunua warudishiwe fedha na wapewe onyo la maandishi kuhusu mifuko ya hewa. Tusipojibiwa, tutaliwasilisha suala hili Tume ya Ushindani.

Tumeambatanisha picha za dari zilizoshuka, nakala za risiti na kipande cha shiti ya lami iliyoyeyuka.

Wenu katika kazi,

Katibu,
kwa niaba ya mafundi.