Bwana Mkurugenzi wa Mashtaka, nani aliwaua Msando na Musyoka?

Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Nairobi

Mheshimiwa,

Julai 2017, siku chache kabla ya uchaguzi, maiti ya Chris Msando iliokotwa Kikuyu. Alikuwa amenyongwa, na msichana aliyekuwa naye ameuawa pia. Mitambo ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ya kupeperusha matokeo ilikuwa mikononi mwake. Agosti 11, 2022, Daniel Musyoka, msimamizi wa uchaguzi Embakasi Mashariki, aliondoka kituo cha kujumlishia kura asirudi. Mwili wake ulipatikana upande wa Loitokitok.

Tuliambiwa uchunguzi wa kina unaendelea. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Ghasia za uchaguzi zikitajwa, wengi wetu tunakumbuka kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walimochomewa watu Januari 2008, na wahuni wa kukodiwa. Ni haki tukumbuke. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu zaidi ya watu 1,100 waliouawa baada ya kura ya 2007. Lakini kumuua afisa wa tume hakuhitaji umati. Kunahitaji mtu anayejua nani ameshika nini, na yuko wapi saa ngapi. Uhalifu wa namna hiyo huacha rekodi za simu na magari, kwa hiyo sielewi ugumu uko wapi.

Nimewahi kusimamia kituo cha kura. Usiku wa manane taa inafifia, mawakala wanavutana juu ya kura moja iliyoharibika, nawe unajaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, polepole usije ukakosea tarakimu. Unaipiga picha, unaituma, nakala unaibandika mlangoni. Anayetaka kuzivuruga nambari hizo atauendea mtambo au atamwendea mtu. Mtambo una nywila. Mtu ana askari mmoja mlangoni, naye pia hajala tangu asubuhi.

Ibara ya 157(4) ya Katiba inakuruhusu kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze jinai yoyote, naye hana budi kutii. Toa agizo hilo kwa maandishi kwa faili zote mbili, liwe na tarehe ya mwisho. Ushahidi ukipungua, omba uchunguzi wa vifo ufanywe mahakamani, hadharani, familia zikisikia.

Walimu watakaoitwa kusimamia vituo Agosti 2027 wanastahili kulisoma jibu lako kabla ya kutia sahihi mkataba wa kazi hiyo.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Machakos