Daktari hakusumbui bure

Umoja, Nairobi

Mpendwa Mutua,

Salamu nyingi. Mama watoto anauliza kama bado uji ndio unaopita vizuri, au umeanza kumeza ugali.

Barua yako nimeipata. Umelalamika kwamba daktari haishi kukuuliza habari za sigara, ilhali uvimbe wa saratani wa zoloto, yaani kisanduku cha sauti, ulishachomwa kwa mionzi na picha zikatoka safi. Samahani ndugu yangu, hapo niko upande wa daktari.

Uvimbe umekwisha, lakini moshi wa kuni hauchafui ukuta mmoja tu wa jiko. Miaka ile tuliyovuta pale stejini, tukiteremshia na chang'aa, utando wote wa mdomo, koo, umio (njia ya chakula kwenda tumboni) mpaka mapafu ulikula sumu ileile, na pombe na sigara vikikutana madhara huzidi sana. Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake huko Marekani walichunguza wagonjwa 783 wa saratani ya mdomo. Pembeni mwa uvimbe, hata palipoonekana pazima kwa macho, walikuta utando umeshaanza kuharibika. Wengine walikuwa na uvimbe zaidi ya mmoja, kila mmoja umeota kivyake.

Kwa hiyo daktari haogopi saratani ile ya zamani kurudi tu. Anaogopa nyingine mpya kabisa, hasa ya mapafu, umio au mdomo. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu 2 hadi 4 kati ya 100 waliotibiwa hupata saratani mpya kila mwaka, na hatari hiyo haikomi eti kwa kuwa umetimiza miaka mitano. Ambao saratani yao ya koo ilitokana na virusi vya HPV (vinavyoambukizwa kwa ngono) hatari yao ni ndogo zaidi. Sisi wa sigara hatumo.

Na hizo tembe za beta-karotini (ile inayogeuka vitamini A mwilini) unazouziwa mjini, achana nazo! Zilijaribiwa Ufini kwa wavutaji, na matokeo ya 1994 yakaonyesha saratani ya mapafu iliongezeka kwa waliozimeza.

Kuacha sigara kunafaa hata sasa. Chakula kikianza kukwama, kidonda cha mdomo kikigoma kupona kwa wiki tatu, au ukikohoa damu, usingoje siku ya kliniki. Nenda upitishwe kamera. Saratani ya umio hapa Kenya inaua wengi kwa sababu watu huenda hospitali wakati maji pekee ndiyo yanapita.

Nitumie tarehe ya kliniki ijayo niombe ruhusa kazini twende wote. Na ile pakiti iliyo mfukoni mwa koti, mpe mkeo aitupe.

Wako,
Juma