Tulilipia Mji Mkongwe, mkatutembeza madukani

Kwa meneja,

Habari za kazi. Mimi ni yule mama wa Uyole niliyechukua pakeji yenu ya Zanzibar likizo ya Juni, wakubwa watatu na watoto wawili, jumla 1,270,000, risiti ninayo na meseji zote za WhatsApp sijafuta hata moja. Nimeshapiga simu mara nne. Mara ya mwisho dada wa mapokezi akaniuliza "lakini si mlifika Zanzibar?" ndo maana nimeamua kuandika, kwa simu ningeishia kutukana.

Tulifika ndio. Na kwenye kufika sina neno, basi lilikuwa zuri, dereva mstaarabu, Kitonga kashuka taratibu mpaka mama mkwe akaacha kusali, Mikumi tukaona tembo na twiga wamesimama tu kando ya barabara, bure kabisa. Boti nayo iliondoka Dar saa moja asubuhi kama tiketi inavyosema. Shida yangu inaanzia pale Malindi bandarini tulipokabidhiwa kwa kijana wenu.

Karatasi yenu inasema masaa sita ya matembezi. Sisi tumeshuka kwenye boti saa tatu, tumekaa juu ya mabegi yetu mpaka saa nne na nusu eti anasubiriwa mgeni mwingine, huyo mgeni mpaka leo sijamuona. Alafu safari ikaanza na ikaanzia wapi? Dukani. Mtaa wa Gizenga, duka la vinyago na vitenge, saa nzima. Tukatoka hapo tukaingia duka la viungo, tunanusishwa karafuu na mdalasini, mimi natoka Mbeya jamani, iliki na tangawizi nalala nazo ndani. Wakati tunatoka nikamuona muuzaji anamkunjia kijana noti kiganjani, wala hawakujificha sana.

Beit el Ajaib mliandika "mtapanda mpaka juu muone bahari". Lile jengo la Sultani Barghash la 1883 lilibomoka upande Desemba 2020, watu wakafa pale, nchi nzima ilisikia, na nyie mnauza bado picha ya zamani. Tumekuta uzio na mabati. Mwanangu mkubwa ana miaka 12, akasoma karatasi yenu, akaangalia mabati, akaniangalia mimi. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kisiwa cha Changuu ndo kabisaaa. Mdogo ana miaka 7, wiki tatu anachora kobe, ameshaambiwa na mwalimu kwamba wale kobe wakubwa asili yao ni Shelisheli na wengine wamepita miaka mia, basi kila mtu anayekuja nyumbani anahadithiwa kobe. Ilipofika zamu yake kijana wenu anasema boti ya kwenda kisiwani haijalipiwa. Haijalipiwa na nani? Kwenye karatasi yenu imeandikwa "pamoja na kobe wa Changuu", sikuongeza mimi.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kinachonifanya niandike ni Mkunazini.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kyela, ana miaka 71, alikuwa hajawahi kuiona bahari. Hii safari nilimlipia kwa hela ya viazi na nilichagua kampuni yenu badala ya wengine kwa sababu karatasi yenu ilikuwa na picha ya yale masanamu ya watumwa yaliyosimama shimoni wamefungwa minyororo shingoni, pale kwenye kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini. Bibi yake mama alikuwa anamsimulia watoto waliotumwa maji ziwani hawakurudi. Watu wa pande zile za Ziwa Nyasa walitembezwa kwa miguu mpaka Kilwa, wakapakiwa majahazini, wengi wakaishia kwenye lile soko la watumwa lililofungwa 1873, na kanisa limejengwa palepale sokoni. Mama alitaka kusimama pale basi. Alikuwa na kitenge chake kipya amekitunza kwa ajili ya hapo, toka Dar amegoma kukivaa, kakivaa asubuhi ile kwenye boti.

Tumefika Mkunazini saa saba na kitu, jua kali, mama anatembea kidogo anapumzika kwenye baraza za watu. Mnara wa kanisa tunauona kabisa. Kijana anatuambia "lile ndo kanisa, pigeni picha hapahapa, tuna haraka." Nikamwambia tunaingia. Akasema hela ya kiingilio hakupewa na ofisi. Nikasema nalipa mimi, nikafungua pochi. Akasema muda hakuna, ana wageni wengine wanamsubiri. Yani saa nzima ya vinyago ilikuwepo, dakika ishirini za mama hakuna! Mume wangu akaanza kupandisha sauti, mama akamshika mkono, akamgeukia yule kijana akamwambia "ndaga fijo". Kwetu hiyo ni asante sana. Mimi namjua mama miaka 14, ile haikuwa asante.

Saa nane na nusu tumerudishwa bandarini. Boti ni saa kumi. Mtasema si mngerudi wenyewe Mkunazini, ndio ningerudi hata kwa bajaji, ila tiketi zetu zote tano za kurudi alikuwa nazo yeye mfukoni, akasema "msiondoke hapa nakuja sa hivi". Amekuja saa kumi kasoro dakika kumi anakimbia. Tulikaa pale na mabegi, watoto wakanunua juisi ya miwa, mama kakunja kitenge chake vizuri karudisha kwenye mfuko wa plastiki.

Mimi nauza viazi, huo mchezo naujua. Kuna watu juu ya gunia wanapanga viazi vikubwa vya kuvutia, ukimwaga chini unakuta vya kulisha nguruwe. Tofauti ni kwamba sokoni mtu akinifanyia hivyo namrudishia gunia lake siku hiyohiyo, sasa safari nairudishaje?

Basi ninachotaka ni hiki. Kwenye mchanganuo mlionitumia matembezi ya Zanzibar ni 90,000 mkubwa na 45,000 mtoto. Hiyo inakuja 360,000. Hela ya basi, ya gesti Dar na ya boti siidai kwa sababu hizo huduma nimezipata na nimeshasema zilikuwa nzuri. Hiyo 360,000 irudi kwenye namba ileile niliyolipia, nawapa wiki mbili toka mpate barua hii. Ofa ya "punguzo safari ijayo" aliyonitajia dada sitaki, msinipigie kwa ajili hiyo. Zikipita wiki mbili nakuja ofisini mwenyewe na karatasi yenu na mume wangu, na safari hii mama hatakuwepo wa kumshika mkono.

Kingine. Kwenye ukurasa wenu mmeweka picha yetu, sisi watano tumesimama bandarini tunacheka, mama na kitenge chake, mmeandika "familia yenye furaha kutoka Mbeya". Hiyo picha ilipigwa saa tatu asubuhi tumetoka tu kwenye boti. Itoeni leo.

Mama wa Uyole