Feni inavyobadilisha jina la udongo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nyumba zinazopasuka juu ya udongo wa mfinyanzi iliyachukua majibu ya vipimo vya Atterberg, vinavyoonyesha udongo hubadilika tabia ukiwa na maji kiasi gani, kana kwamba yamechongwa kwenye jiwe. Mimi ni fundi wa maabara, majibu hayo ndiyo kazi yangu, na nawaambia hewa ya chumba nayo imo ndani ya zile namba.

Tuanze na kikomo cha kutiririka: kiasi cha maji ambacho mfereji uliochorwa kwenye udongo hujifunga bakuli la kipimo hiki, liitwalo la Casagrande, likigongwa mara 25. Ukishajifunga, nachota udongo kidogo, natia kwenye kikopo, napima. Siku moja feni ilikuwa ikizunguka juu yangu, simu ikaita, kikopo kikabaki wazi. Maji hulinganishwa na udongo mkavu, kwa hiyo gramu 15 za udongo mbichi zenye gramu 5 za maji ni 5 kwa 10, yaani asilimia 50. Feni ikinyonya gramu 0.2 tu kabla ya mizani, karatasi itasema 48. Na 50 ndiyo mpaka kati ya mfinyanzi wa kawaida na ule mkali, unaofinyangika sana! Sampuli ile niliitupa, nikarudia.

Kikomo cha kufinyangika, yaani kiasi cha maji ambacho chini yake udongo hukatika badala ya kufinyangika, hukosewa kwa upande wa pili. Unaviringisha uzi wa udongo kwa kiganja mpaka ukatike ukiwa na unene wa milimita 3. Hewa ikiwa kavu, ngozi ya uzi hukauka na kupasuka ilhali ndani bado kuna maji. Unadhani umefika, kumbe bado. Jibu linapanda. La kwanza limeshuka, la pili limepanda, na tofauti yao, ambayo mhandisi huitumia kukisia udongo utavimba kiasi gani, imeliwa huku na huku.

Hewa ikiwa na unyevu mwingi, shida inahamia kwenye tanuri, tunamokaushia sampuli ili kujua ilikuwa na maji kiasi gani. Udongo uliotoka kwenye nyuzi 105 hadi 110 una kiu. Ukipoa wazi, unavuta unyevu wa hewani na kuongeza uzito. Ukipimwa ungali moto, mizani husoma pungufu. Kwa hiyo upoe ndani ya chombo kilichofunikwa, chenye silika jeli, chembe zinazonyonya unyevu.

Karatasi zetu zina nafasi ya tarehe, ya jina la fundi, hata ya rangi ya udongo. Ya joto na unyevu wa chumba haimo. Wanaozichapisha waiongeze, kwa sasa mimi naandika pembeni kwa kalamu.

Fundi wa maabara ya udongo