Yaya, mashine yako imefika

Yaya,

Mkubwa wangu, mashine uliyonitumia ya kutafutia metali na sarafu za zamani chini ya ardhi imefika salama, imefungwa ndani ya suruali zako tatu kuukuu. Suruali mbili nimeshazivaa, usiziulize. Jibu nimeona nikuandikie hapa hadharani, maana matantine, akina shangazi, wote wa Kamalondo, mtaa wetu hapa Lubumbashi, wamesikia kwamba nyuma ya nyumba yetu kuna hazina, na kila jioni mmoja wao anakuja na kiti chake kuniangalia nikichimba.

Wiki ya kwanza nilitoa vifuniko vya chupa za bia ya Simba ndoo nusu, misumari ya bati, kijiko kisicho na mpini, na maganda ya risasi. Hayo maganda wewe hukuyataja kabisa katika maelekezo yako. Umesahau kwamba mwaka 1961 askari wa Umoja wa Mataifa na majandarme, yaani askari wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, walipigana ndani ya mji huu huu, na mwaka uliofuata wakarudia? Ganda tupu halina neno. Lakini chini ya ardhi hakuna anayejua kama ni ganda au ni kombora zima lililokosa kulipuka, na mashine haisemi. Kwa hiyo ikilia kwa kitu kikubwa kilicho chini sana, nafukia na kwenda kula bukari, ugali wetu. Huko Liège, Ubelgiji, mnachimba mashamba ya viazi, sisi tunachimba uwanja wa vita.

Halafu udongo wenyewe. Hiyo sahani, kama nilivyoelewa, inatuma nguvu ya sumaku chini. Metali ikiguswa inazaa umeme mdogo ndani yake, na umeme huo ndio unaorudi kuwa sauti masikioni. Sasa udongo wetu mwekundu umejaa chuma tangu Mungu auumbe, na baba, roho yake ipumzike, alimwaga uani kokoto nyeusi za kutoka kwenye tanuru la kuyeyushia mukuba, yaani shaba, ili kupunguza tope. Unakumbuka zile kokoto zilivyotukata magoti? Kwenye mlima mweusi wa taka za tanuru, penye bomba kubwa la moshi, ziko tele, na ndani yake bado mna mabaki ya mukuba. Mashine ikipita juu yake inalia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Siku nne sikujua kitu, mpaka nikapunguza nguvu yake na kuhamia chini ya mwembe, ambako kokoto hazikufika.

Chini ya mwembe ndipo nilipopata sarafu ya kwanza: santimu 10, ina tundu katikati, herufi A zenye taji zimelizunguka, nyuma nyota. Ni ya wakati wa mfalme Albert wa Ubelgiji. Mama mkubwa aliishika kwenye kiganja akasema hiyo ilikuwa ya kufungia kamba, mtu hakuhitaji mfuko. Mfalme Leopold, aliyemtangulia Albert, naye alizitoboa zake za mwaka 1887 vivyo hivyo. Umeniandikia niisugue kwa limau na majivu ing'ae. Sitaisugua. Rangi hiyo ya kutu ndiyo wanayoitafuta wanaojua, na ukishaitoa hairudi.

Sasa tuje kwenye ile unayoiota, faranga 50 ya fedha ya mwaka 1944, yenye tembo, iliyogongwa Pretoria. Yaya, kaa chini ufikiri. Nani wa kwetu angeidondosha? Mtu aliyelipwa faranga chache kwa siku, na posho ya unga juu yake, angepoteza faranga 50 akanyamaza? Angeuchimbua mtaa mzima kwa kucha. Wazungu ndio wangeweza kuidondosha, na walikaa ng'ambo ya ule ukanda uliotenganisha mji wao na cité yetu, mji wa Waafrika. Nenda kaombe ruhusa ya kuchimba bustani za huko leo, uone mbwa wanavyokuambia. Hata zile faranga 2 za mwaka 1943, zenye pembe sita, zilizogongwa Philadelphia kwa sababu Wajerumani walikuwa wameikalia Ubelgiji, sijaiona hata moja.

Ninachopata ni vifungo. Mpaka leo kumi na tisa. Vya kapitula, vya matundu manne, vimeliwa na kutu. Vitatu vya shaba vyenye sikio nyuma, vya koti la mtu wa kazi au la askari, uso umekwisha hata sijui palikuwa na simba au na nyota. Mwanzoni niliudhika, sasa ndivyo ninavyovitafuta. Sarafu ikianguka mtu anarudi na taa. Kifungo kikikatika, mtu anakuja kujua yuko mlangoni kwake, na mkewe anatafuta kingine. Kwa hiyo babu zetu sarafu walizimaliza sokoni na kwenye kodi, na vifungo wakatuachia.

Umenitajia pia ule uwanja ambako wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini, walipigwa risasi Desemba 1941 walipogomea mshahara. Umesema hapo "lazima kuna vitu". Ni kweli, lazima viko. Siendi. Na kama utamtuma mtu mwingine, tutagombana, mimi na wewe, hata kama wewe ndiye mkubwa. Kifungo kilichotoka chini ya mwembe wetu ni cha mtu aliyekwenda kulala. Cha kule uwanjani sitaki kukishika.

Kuhusu kuuza: kuna sheria ya mwaka 1971 inayolinda mali za utamaduni, na hapa mjini mtu anayeonekana akichimba kwa mashine anaulizwa madini yake yako wapi kabla hajasema jambo. Nimeandika kila kitu kwenye daftari, mahali, kina na siku. Makumbusho wakitaka kuliona, mlango uko wazi.

Cha kuchekesha ni kwamba sarafu nzuri kuliko zote haikutoka ardhini. Mama mkubwa, baada ya kunitazama wiki tatu, aliingia ndani akatoka na kopo la vifungo. Chini kabisa mlikuwa na faranga 5 ya Katanga ya mwaka 1961, ndizi upande mmoja, msalaba wa mukuba upande wa pili. Alikuwa akiitumia kupimia uzi.

Nikaondoka kwenda kumletea maji. Niliporudi alikuwa amekiosha kile kifungo changu kizuri cha shaba kwa sabuni na mchanga, amekishona kwenye koti la mjomba, la kwenda nalo kanisani. Jumapili mjomba alilivaa. Ukikitaka, njoo ukikate mwenyewe.

Mdogo wako