Mama Wakio, mpigie mama kabla ya vuli

Mombasa, Jumatatu usiku

Shoga yangu Mama Wakio,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, Baba Nasra hajambo, mavyaa anakusalimu na anauliza ule ubani wa Omani utakuja nao lini. Ya Bi Rehema yamekwisha kwa heri, alhamdulillahi, nitakusimulia siku nyingine. Leo nina jambo moja, na nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa maswali kabla sijafika mwisho.

Jumamosi tulikuwa kwenu Taita, tena kwa miguu.

Baba Nasra alikuwa amewaahidi watoto kwamba wakimaliza mitihani atawapeleka wakaonje baridi. Tukapanda treni hapa Miritini hadi Voi, kisha matatu ya kupitia Mwatate. Zile kona za kupandia Wundanyi wazijua mwenyewe; kadogo alitapika na mimi nilifumba macho njia nzima. Tukalala Wundanyi, na baada ya alfajiri tukashika njia, kila mtu na sweta lake, mahamri na viazi vya kuchemsha begani kwa Baba Nasra.

Mashalla, kwenu kuzuri! Makabeji kwenye matuta, migomba, na watoto wanaoamkia kila mpita njia hata asiyemjua. Tulipoingia msitu wa Ngangao, matone yalikuwa yakitudondokea na mvua hainyeshi. Kijana aliyetuongoza akaeleza kwamba upepo unatoka baharini na unyevu wake, unavuka nyika yote ya Tsavo bila kukuta cha kuuzuia, ukifika kwenye vilima unapandishwa juu, unapoa, unakuwa ukungu, na miti ndiyo inayoukamata. Nasra akauliza, "Kwa hiyo haya ni maji ya Mombasa?" Kijana akacheka, akamwambia ndiyo, mmeyafuata. Msitu wenyewe ni kama hektari 120 tu, na ndani yake mna ndege ambao duniani kote hawapatikani ila katika vilima hivyo. Nilitembea kimya humo, nikisikia haya hata kukohoa.

Kutoka hapo tukapanda Vuria. Mita 2,208, na miguu yangu inazikumbuka hadi leo. Kilimanjaro hatukuiona, wingu lilitanda upande wote wa Taveta, wavulana wakanuna. Lakini si hayo niliyotaka kukwambia.

Tuliteremka kwa mama yako. Tulimkuta uani anapukuchua maharagwe. Afya yake nzuri, usihangaike, ni macho tu yanayomsumbua jioni. Alitupakulia kimanga, Baba Nasra akaongezwa na akaongezwa tena. Kisha nikaomba maji nitawadhe niwahi adhuhuri. Mama akaniletea nusu kata.

Nusu kata, Mama Wakio! Kwenu! Wakati ule tunapanga pamoja Majengo, mfereji umekauka wiki nzima na tunanunua mitungi ya mkokoteni, si wewe uliyekuwa ukinisimulia chemchemi ya kwenu isiyojua kiangazi? Nikamwambia mama asijisumbue, Nasra atateremka kuchota. Akaniambia chemchemi siku hizi ni ya kulowesha majani tu, yeye huchota kule mtoni chini, na kupanda na mtungi ni kupumzika njiani kila mara.

Nikashuka kuona kwa macho yangu. Mkuyu upo. Chini yake ni tope. Na juu yake mteremko mzima ni ile mikaratusi aliyopanda marehemu baba, imekuwa mirefu ajabu, na chini yake hata nyasi hazimei vizuri. Mizizi ya mti ule huenda mbali na kunywa sana, ndiyo maana unakua upesi vile. Wamkumbuka marehemu Michuki alipokuwa waziri wa mazingira, alivyoamuru ing'olewe kandokando ya mito? Baba Nasra ndiye aliyenikumbusha, tumesimama palepale topeni.

Sasa lililonikosesha usingizi. Kivulini nyuma ya jiko mna viriba vimejaa miche ya mikaratusi. Kaileta yule jamaa yenu wa Mwatate, na mama anangoja mvua za vuli aipande kuzunguka chemchemi, eti kwa kuwa udongo pale bado laini. Nguzo zina soko, amemwambia. Nilipomuuliza mama pesa za nini, akanijibu polepole, "Mwanangu atatumikia watu Uarabuni mpaka lini? Nikiuza nguzo, karo ya Wakio nitalipa mimi."

Nilishindwa kumjibu, shoga yangu. Anafanya hivyo kwa ajili yako.

Lakini miche ile itakapofaa kukatwa nguzo, Wakio atakuwa amemaliza shule zamani, na chemchemi haitakuwepo. Baba Nasra aliiangalia ile ya zamani mteremkoni akasema hiyo tayari ni nguzo. Kama ni pesa, si ikatwe hiyo, iuzwe sasa hivi? Na visiki visiachwe vichipue, maana mkaratusi ukiukata unarudi. Machipukizi yaondolewe kila yatokeapo. Pale chini paachwe mkuyu na nyasi, apande na miti mingine ya kienyeji. Avokado ziwe huko juu karibu na nyumba. Nilimgusia mama kidogo, akanisikiliza kwa adabu, ila mimi ni mgeni, siwezi kumpangia shamba lake. Wewe unaweza.

Mpigie kabla mvua hazijaanza. Usimgombeze. Mwambie kwanza kwamba karo ya Wakio unaimudu na hajakuelemea, maana ndilo linalomla. Mengine yatafuata.

Wakio mwenyewe anajua kwamba nyanya yake ana mpango huo? Na yule wa Mwatate ana sauti gani kwenye shamba lile, au ni mdomo tu? Hati iko kwa jina la nani? Marehemu baba hakuwahi kusema lolote juu ya pale penye mkuyu? Mkataba wako unakwisha lini, au wameongeza tena? Na huyo tajiri yako anakupa nafasi ya kupiga simu mchana, au hadi usiku, ambapo mama ameshalala?

Nijibu kabla ya Ijumaa. Baba Nasra ana kazi Voi wiki ijayo, na amesema ukikubaliana na mama atapanda huko juu, amtafutie mnunuzi wa zile nguzo za zamani na aihamishe miche yenyewe.

Wako,
Mama Nasra